Mkataa Kwao ni Mtumwa? Uhakiki wa Tamthilia ya "Binti Yangu Seo-young"

Ukurasa huu wa uhakiki umezoea kuzungumzia riwaya, tamthilia za jukwaani na ushairi. Safari hii tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuzungumzie tamthilia ya runinga, tena ya kutoka Korea Kusini. Hatuoni haya kufanya hivyo. Hapa Rubavu tamthilia hizi hutazamwa na wanafunzi wetu, na sisi walimu wao tunazitazama pia kwa furaha. Kazi inayowafanya watu wakae mbele ya kioo kwa sehemu hamsini, kisha wabishane juu yake siku inayofuata, yastahili kuhakikiwa kwa maudhui yake na kwa fani yake.

Tumechagua "Binti Yangu Seo-young", iliyoandikwa na So Hyun-kyung na kuoneshwa na kituo cha KBS2 kuanzia Septemba 2012 hadi Machi 2013, kila Jumamosi na Jumapili. Ina sehemu 50. Huko kwao ilipendwa mno: ilipofikia kilele chake watazamaji walizidi asilimia 47.

Muhtasari wa kisa

Lee Seo-young (Lee Bo-young) ni mwanafunzi wa sheria, msichana mwerevu na mwenye kiburi cha maskini. Ana pacha wake, Sang-woo, anayesomea udaktari. Baba yao, Lee Sam-jae (Chun Ho-jin), ameshindwa katika biashara na kuiachia familia madeni. Mama anafariki, na Seo-young anaamini kwamba baba ndiye chanzo. Anapata kazi ya kumfundisha kijana wa familia moja ya kitajiri, na huko anapendwa na kaka wa kijana huyo, Kang Woo-jae (Lee Sang-yoon). Anapoulizwa habari za wazazi wake, anajibu kwamba hana baba. Juu ya uongo huo anajenga ndoa yake, na baadaye anakuwa jaji.

Maudhui: neno moja na gharama yake

Waswahili husema mkataa kwao mtumwa. Tulipoitazama tamthilia hii pamoja na wanafunzi, mjadala uligawanyika papo hapo. Baadhi walimhukumu Seo-young kwa methali hiyo na kufunga kesi. Wengine waliuliza swali ambalo methali hailijibu: je, kama huko kwao ndiko kulikomtia utumwani kwanza? Msichana aliyefanya kazi usiku na mchana ili madeni ya baba yalipwe, alikuwa huru lini?

Kwa maoni yetu, ubora wa tamthilia hii ni kwamba inakataa kumpa ushindi upande wowote kwa haraka. Haimtetei Sam-jae, makosa yake yanaoneshwa waziwazi. Lakini pia inatuonesha uongo wa Seo-young unavyowatumikisha wengine. Sang-woo anampenda dada yake Woo-jae, naye analazimika kumwacha ili siri ya pacha wake isifichuke. Dhambi ya mmoja inalipwa na mwingine.

Onyesho lenye uzito kuliko yote ni lile la harusi. Sam-jae amepata kibarua cha kujifanya mgeni mwalikwa harusini, kazi ambayo mtu hulipwa ili viti vijae. Anaingia ukumbini na kumwona bibi harusi: ni binti yake. Mwandishi hakuhitaji maneno mengi. Baba amelipwa ili awe mtu baki katika arusi ya mwanawe. Yale ambayo Seo-young aliyatenda kwa ulimi, hapa yametendeka kwa mwili na kwa ujira.

Sisi wa Rwanda hatuwezi kulipita jambo hili kama watazamaji wa mahali pengine. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watoto wengi wa nchi hii walibaki bila wazazi, na wapo waliolea wadogo zao wakiwa bado watoto. Kwetu yatima si neno la kujifichia. Ndiyo maana baadhi ya wanafunzi walinyamaza Seo-young alipomkana baba aliye hai. Hawakuhitaji mhakiki awafafanulie gharama ya kusema "sina baba".

Fani: lugha ya ujamaa

Sasa tufike kwenye jambo linaloihusu idara yetu moja kwa moja. Sisi tuliitazama kwa maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, na tukaona maandishi hayo yakipoteza nusu ya utamu. Katika Kikorea, mwanamke humwita kaka yake mkubwa "oppa", lakini mwanamume humwita kaka yake mkubwa "hyung". Mke wa kaka, dada wa mume na mama wa mume, kila mmoja ana neno lake. Kiingereza kikifika hapo huandika jina la mtu tu, na mtazamaji hajui tena nani anamheshimu nani.

Kiswahili hakina upungufu huo. Mdogo wake Woo-jae akimwita Seo-young, tunalo neno shemeji. Dada yake Woo-jae ni wifi. Mama yake ni mavyaa, au mama mkwe kama wengi wasemavyo leo. Kinyarwanda nacho kinatusaidia kuelewa: kwetu msichana husema "musaza wanjye" kwa kaka yake, na mvulana husema "mushiki wanjye" kwa dada yake. Kaka na dada za Kiswahili hazioneshi jinsia ya msemaji, lakini kamusi imehifadhi neno umbu, yaani ndugu wa jinsia nyingine. Ni vyema wanafunzi walijue.

Watafsiri wetu wa agasobanuye, akiwemo marehemu Nkusi Thomas aliyejulikana kwa jina la Yanga, walitambua zamani kwamba filamu ya kigeni huhitaji mtu wa kuieleza kwa lugha ya nyumbani. Wao walifanya hivyo kwa Kinyarwanda. Kwa Kiswahili pia njia imeshafunguliwa: mwaka 2011 tamthilia ya Kichina kuhusu Mao Doudou na mama wakwe zake ilitiwa sauti za Kiswahili na kuoneshwa na TBC nchini Tanzania.

Kasoro

Hata hivyo, tamthilia hii haikosi dosari. Ni ndefu kupita mahitaji ya kisa chake. Siri moja inakaribia kufichuka mara nyingi mno kabla ya kufichuka kweli. Sadfa nazo zimezidi. Sam-jae anamwokoa Woo-jae asigongwe na gari, na hivyo mkwe na baba mkwe wanafahamiana bila mmoja kujua. Onyesho linasisimua, lakini ajali inafanya kazi ambayo wahusika wangepaswa kuifanya wenyewe. Isitoshe, katika sehemu za mwisho machozi ya toba yanamtoka binti kuliko mtu mwingine yeyote, ilhali familia ya Woo-jae iliyomlaumu kwa siri yake nayo ilikuwa na siri kubwa kuhusu uzazi wa mtoto wao mdogo. Tungependa wazee nao wangebanwa zaidi.

Tathmini

Pamoja na hayo, tunawahimiza walimu waitumie. Chukua onyesho la harusi, zima maandishi ya Kiingereza, uwape wanafunzi kazi ya kuandika mazungumzo kwa Kiswahili. Watalazimika kuamua nani ni mkwe, nani ni mavyaa, nani ni wifi. Wakimfikia Sam-jae, wataona kwamba katika ukumbi mzima ni yeye peke yake ambaye hakuna wa kumwita kwa jina la ujamaa. Hapo ndipo waulizwe upya kama mkataa kwao ni mtumwa, na kila mmoja atetee jibu lake kwa Kiswahili fasaha.