Mwendelezo Usio na Kibali: Filamu ya Happily Ever After na Suala la Umiliki wa Ngano

Filamu ya katuni ya Happily Ever After, iliyoelekezwa na John Howley na kutayarishwa na studio ya Filmation ya Marekani, hutajwa kwa kawaida kuwa mwendelezo usio rasmi wa Snow White and the Seven Dwarfs, filamu ya Disney ya mwaka 1937. Filmation ilifungwa mwaka 1989, na filamu hiyo haikuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani hadi Mei 1993, ambako ilipokewa kwa ubaridi. Hata hivyo, kazi hii inastahili kuhakikiwa upya, kwa kuwa udhaifu wake unafunza zaidi kuliko mafanikio ya filamu nyingi za aina yake.

Neno "usio rasmi" lenyewe linahitaji kuhojiwa. Ngano ya Snow White ilichapishwa na ndugu Grimm mwaka 1812, na haina mmiliki wa kutoa kibali. Kilicho mali ya Disney ni kile ilichokiongeza: nyimbo, sura za wahusika na majina ya mbilikimo saba, ambao kwa Grimm hawana majina. Filmation iliujua mpaka huo, kwani kufikia mwaka 1986 ilikuwa imeshitakiwa na Disney katika mahakama ya shirikisho huko California kuhusu kazi iliyotokana na hadithi nyingine, riwaya ya Pinocchio. Kwa hiyo, kumwita Filmation mvamizi ni kukubali kwamba ngano ya wote imekuwa ya mmoja.

Tatizo la filamu ni la kisanaa. Mwanzoni mwa msuko, Malkia amekwisha kufa, nao Snow White na Mwana wa Mfalme wanajiandaa kufunga ndoa. Ndipo Lord Maliss, kaka wa Malkia, anapokuja kulipiza kisasi. Mpangilio huo hauwezi kutokana na Grimm, kwa kuwa huko Malkia hufa katika sherehe ya harusi yenyewe, akilazimishwa kucheza ngoma na viatu vya chuma vilivyookwa motoni. Ni Disney aliyemuua kabla ya harusi, kwa kumwangusha jabalini. Filmation, iliyokuwa huru kurejea kwenye chanzo, iliendeleza kumbukumbu ya filamu ya mshindani wake. Iliuepuka mkono wa sheria, lakini haikuepuka kivuli cha Disney. Swali gumu lililoachwa na Grimm, yaani bibi harusi ataishije baada ya kushuhudia adhabu ile, halikuguswa.

Ubunifu halisi wa filamu ulizaliwa na kikwazo. Mbilikimo wa Disney hawakuweza kutumiwa, hivyo inaelezwa kuwa wamehama, na nyumba yao inakaliwa na binamu zao saba wa kike. Kila mmoja amepewa uwezo juu ya sehemu ya maumbile: ardhi, jua, mimea, maji, wanyama, usiku na hali ya hewa. Badiliko hili lina uzito. Ngano asilia huwagombanisha wanawake wawili kwa sababu ya uzuri, na kioo ndicho mwamuzi. Hapa wanawake wanaishi pamoja na kusaidiana, na hakuna anayeshindaniwa. Thunderella, ambaye hawezi kuutawala uwezo wake juu ya radi, ndiye mhusika pekee anayekua. Maliss anashindwa na kugeuka jiwe baada tu ya Thunderella kuumudu uwezo huo.

Kwa masikitiko, msuko haukiamini kile ulichokibuni. Safari ya Snow White kwenda kumwokoa mchumba wake inaandamwa na mlinzi aliyejifunika, ambaye mwishoni hubainika kuwa ndiye mchumba mwenyewe. Mwokoaji anageuzwa kuwa mwokolewa, na ujasiri wake unapunguziwa thamani.

Kwa watunga sera wa Afrika Mashariki, funzo lina pande mbili. Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010, chini ya ARIPO, pamoja na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na tamaduni, zinalenga kuilinda jamii iliyo chimbuko la fasihi simulizi. Ulinzi huo ni wa lazima, lakini hautoshi. Usajili wa filamu za katuni zitokanazo na ngano unapaswa kutenganisha bayana kilicho cha jamii na kilichoongezwa na mtayarishaji, ili wa kwanza kurekodi asimfungie njia wa pili. Aidha, matoleo mbalimbali ya kila ngano yahifadhiwe na kufikiwa kwa urahisi. Filmation ilikuwa na haki ya kuendeleza ngano na ikashindwa kuitumia kwa sababu ilikumbuka toleo moja tu. Fanani anayelijua toleo moja, hata akiwa huru kisheria, husimulia kwa kinywa cha mwingine.