Utungo Unaoshikwa na Majina

Tuliofundwa ushairi wa Kiswahili huanza uhakiki kwa kuhesabu. Mizani nane za ukwapi, nane za utao, kina cha kati, kina cha mwisho, kibwagizo kipo au hakipo. Sitaki mtu aidharau kazi hiyo. Anayehesabu hugundua mara moja mahali mtunzi alipolifupisha neno ili litoshe, na akijiuliza kwa nini aling'ang'ania neno hilohilo badala ya kutafuta jingine, uhakiki umeshaanza.

Lakini hapa Lubumbashi tuna utungo ambao ukiuendea na mizani utarudi mikono mitupu. Ni kasala, utungo wa sifa wa Waluba. Waluba wa Kasai walikuja nao mjini walipofuata kazi za migodi na reli, na mahali pa kuusikia ni matangani, jamaa wakiwa wamekaa uani. Msanii humwita marehemu, kisha baba yake, kisha babu, na kila jina lina mkia wake wa sifa. Vina hakuna. Silabi hazilingani. Jina likishatajwa, wanaoujua ukoo huo huanza kuungoja mkia, na huko kungoja ndiko kunakofanya kazi ambayo katika ushairi wa Kiswahili hufanywa na kina. Msanii anaweza kuutoa papo hapo. Anaweza kuuchelewesha kwa kupachika mto wa nyumbani katikati, au kuukatiza kabisa kwa kilio. Mshororo huishia pale pumzi inapoishia. Unaofuata hurudia umbo la uliotangulia na kubadili neno moja tu, na ni neno hilo moja linalouma.

Wengi wetu tukifika hapo huandika "takriri" na kusonga mbele. Naomba tukae. Marudio huliandaa sikio litarajie kitu. Mhakiki asiyeonyesha ni kipi kilichobadilika ndani ya marudio ameitaja mbinu, hajachambua.

Ndiyo maana nawaheshimu sana waliozitoa kasala midomoni wakaziweka kitabuni. Patrice Mufuta alichapisha kazi yake mwaka 1969. Clémentine Faïk-Nzuji akafuata mwaka 1974, kitabu chake kikitolewa hapahapa Lubumbashi. Kiluba cha Kasai (Ciluba) ni lugha ya toni: sauti ikipanda au kushuka, neno huweza kuwa jingine. Kwa hiyo anayeandika kasala lazima aamue mstari ukatwe wapi na toni iandikwe vipi, na kila uamuzi wa namna hiyo tayari ni tafsiri ya shairi. Mwaka huohuo wa 1974 kilitoka Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, diwani ya Kiswahili iliyochochea ubishi mkali juu ya vina na mizani. Ningefurahi kuona vitabu hivi viwili vya 1974 vikisomwa kwenye meza moja.

Mshairi Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1981 na sasa anaishi Graz, Austria, ameipeleka kasala kwenye Kifaransa. Neno kasala limo katika anwani ya diwani yake ya mwaka 2021. Swali analotuachia wahakiki ni gumu na tamu: jina hufanya nini mbele ya msomaji asiyeujua ukoo, asiye na mkia wa kungojea? Jibu moja lipo jukwaani. Mashairi yake huyasoma kwa sauti, mara kwa mara pamoja na wapiga saksafoni, na hapo jina hushika sikio kwa mlio wake kabla msikilizaji hajauliza ni la nani.