Filamu ya Mapanki, Mara ya Sita

Swali la "filamu bora kuliko zote" hunichosha mapema. Ukiulizwa, unajibu kwa adabu: unataja moja iliyobeba tuzo, moja ya zamani ili uonekane umesoma, na moja ya Kiafrika ili usionekane umetekwa. Swali ninalolipenda ni jingine. Filamu gani umeitazama zaidi ya mara tatu bila kulazimishwa na mtu? Hapo orodha inakuwa fupi, na huwa na vitu ambavyo usingevitaja kwenye usaili wa kazi. Ya kwangu ina filamu ambayo hapa Mwanza ukiitaja mbele ya watu wazima, maongezi hukatika ghafla.

Ni *Darwin's Nightmare* ya Hubert Sauper, Mwaustria anayeishi Ufaransa. Ilitoka mwaka 2004, ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu za kumbukumbu, na mwaka 2006 ikapata César ya filamu bora ya kwanza. Huku wengi hatuiiti kwa jina hilo. Ni filamu ya mapanki. Kwa wasomaji wa mbali na ziwa: mapanki ni yale mabaki ya sangara, kichwa, mifupa na mkia, yanayobaki kiwandani minofu ikishakatwa na kusafirishwa. Jina la mtaani limeuona mzizi wa ugomvi vizuri kuliko lile la Kiingereza.

Kabla sijaitetea nafasi yake kwenye orodha yangu, niseme kidogo jinsi sisi tulivyojifunza kurudia filamu. Hatukujifunzia kwenye majumba ya sinema. Tulijifunzia kwenye vibanda umiza: mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza, spika zinazokoroma, na joto la watu arobaini kwenye chumba cha watu kumi na tano. Pale Igogo hakuna aliyelipa ili ajue Schwarzenegger atashinda. Tulikwenda kumsikiliza Lufufu. Yule bwana alikuwa akitafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake mwenyewe juu ya picha, na kutafsiri ni neno dogo kwa alichokuwa akifanya. Alimtukana adui, alimwonya shujaa, alieleza chakula kilichokuwa mezani. Ukirudia mara ya nne unakuwa umeizoea picha kiasi kwamba unasikiliza tu, na unaanza kugundua pale anapodanganya. Hiyo ndiyo shule yangu ya uhakiki, na sijapata nyingine nzuri zaidi.

Baadaye akaja Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, jirani kabisa. Filamu zake tulizinunua kwenye diski, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na ukikosa ya pili unamsumbua mwenye duka wiki nzima. Alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28, kuzirudia kukawa kitu kingine. Ukiitazama *Uncle JJ* leo hucheki palepale ulipokuwa ukicheka. Hadithi ni ileile, ila unayemwangalia ni mtu aliyekwenda.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: hadithi ikishaisha nguvu, nani bado yumo ndani ya filamu? Zipo filamu ambazo ukishajua mwisho wake zimebaki ganda. Na zipo ambazo mwisho ukishaujua ndipo watu wanapata nafasi ya kupumua.

Filamu ya mapanki, mara ya kwanza, inakukimbiza kwa swali moja. Ndege kubwa za Ilyushin zinatua uwanja wa Mwanza, zinapakia minofu ya sangara, zinarudi Ulaya. Zinapokuja zimebeba nini? Sauper anawauliza marubani na mafundi wao tena na tena, na polepole anakusukuma kwenye jibu la silaha. Ila silaha yenyewe hatuioni hata moja. Tunachopata ni rubani mmoja anayekiri kwa uzito kwamba aliwahi kupeleka zana za kivita Angola na kurudi Ulaya na zabibu. Ni ushuhuda unaochoma. Bado ni safari ya Angola, si ya Mwanza, na kinachoiziba nafasi kati ya hizo mbili ni uhariri.

Ugomvi wote ulikaa hapo. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwamba inaichafua nchi. Mwanahistoria wa Ufaransa, François Garçon, aliipinga hadi akaandika kitabu kizima. Sauper akamshtaki kwa kumchafulia jina, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi. Kukawa na mabishano kama yale mapanki ya kwenye filamu ni chakula cha watu au cha mifugo. Mtu yeyote aliyewahi kupita mtaani kwetu jioni anajua vichwa vya sangara vya kukaanga vinaliwa, na vinaliwa kwa ugali na pilipili, na mlaji haoni kama yumo kwenye jinamizi la mtu.

Lalamiko langu ni jingine, na nililiona mara ya tatu. Karibu watu wote wenye uzito mle ndani wanaongea na Sauper kwa Kiingereza, Kiingereza cha kutafuta maneno. Mlinzi wa usiku wa taasisi ya utafiti wa samaki, mwenye upinde na mishale ya sumu, analipwa dola moja kwa usiku, na anaeleza taratibu kwamba vita ingekuwa na faida maana jeshi hulipa vizuri. Kwa Kiingereza kile kifupi anasikika kama mtu aliyetoka chini ya maji. Mpe Kiswahili yule baba, na angeiweka hoja ileile kwa mzaha, kwa chumvi, pengine kwa methali ya kukukata maini, nawe usingepata raha ya kumhurumia haraka hivyo. Lugha ndiyo iliyompunguza, na mwongozaji alikubali apunguzwe kwa sababu giza lilikuwa linamfaa.

Jina lenyewe nalo lina kisa. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na baada ya hapo mamia ya aina za furu, visamaki vidogo vya ziwa hili, zikapungua au kutoweka kabisa. Mholanzi Tijs Goldschmidt, aliyewatafiti furu hapa kwetu, aliandika kitabu ambacho kwa Kiingereza kiliitwa *Darwin's Dreampond*. Kwake ziwa lilikuwa bwawa la ndoto. Ukivisoma na kuvitazama vyote viwili unapata shida ya kuamka.

Sasa kwa nini niirudie? Kwa sababu ya dada mmoja. Ni rafiki wa marubani, yaani wanamlipa. Mapema kwenye filamu ameketi nao, anaimba wimbo wa Tanzania tuliofundishwa sote shule ya msingi, anauimba vizuri, na mwanaume aliye karibu naye anamkatiza. Baadaye tunaambiwa ameuawa na mteja. Kisha wenzake wanakaa mbele ya skrini ndogo na kumtazama akiimba.

Mara ya kwanza tukio hilo lilinipita kama ushahidi mwingine wa ubaya wa mambo. Kadiri ninavyorudia ndivyo linavyokuwa filamu nzima. Wale wenzake hawatazami biashara ya samaki wala silaha. Wanamtazama rafiki yao, wanajua mwisho, na bado wanatazama. Wanafanya kile ninachofanya mimi na *Uncle JJ*. Sauper, kwa dakika hizo chache, ananyamaza, na filamu inakuwa mali ya watu waliomo. Sidhani alilipanga liwe na uzito huo kuliko ndege zake, ila limekuwa nao.

Naweka pia *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, na *Maangamizi*, kwa ajili ya uso wa Amandina Lihamba tu, maana njama yake hunipotea kila mara. *Vuta N'Kuvute* huirudia kwa sababu watu wake wanasemezana wao kwa wao. Yasmin na Denge hawajielezi kwa mgeni mwenye kamera. Ukikosa neno, umelikosa, utalikuta mara nyingine. Wapo wanaoilaumu kwamba ni nzuri mno machoni, kila ukuta wa Unguja kama umepakwa mafuta. Kweli, inajipenda. Nimeisamehe.

Ila ile ni bahari. Ziwa kwenye orodha yangu linabaki kwa Sauper, na hilo linanikera kuliko makosa yote niliyomhesabia. Picha ya kwanza ya filamu yake ni kivuli cha ndege kikiteleza juu ya maji yetu. Ni nzuri kupita kiasi. Halafu yule mwongoza ndege kwenye mnara, anahangaika kumpiga mdudu kwenye kioo huku redio ikimwita. Mara ya kwanza unaona nchi isiyo makini. Mara ya sita unaona mtu kazini, na mdudu.

Mara ya saba sitaitazama peke yangu. Nimemwomba mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, anifuatilie sauti za nyuma, yale maneno ya pembeni ambayo kamera haikuyajali, aniambie nani anasema nini na kwa lafudhi ya wapi. Amecheka, akauliza kama nitamlipa kama Lufufu. Tumekubaliana tusubiri mwezi mpevu. Siku hizo dagaa hawavuliwi, na yeye anakuwa na nafasi.