Kitwitwi Katika Unyayo wa Ndovu

Mjomba wangu amezaliwa Voi na amezeekea Voi. Nilimwonyesha picha kwenye simu: kindege cha matope kimepigwa karibu sana, unaweza kuhesabu manyoya. Akaitazama, akaniuliza, "Hii ni Ulaya?"

"Ni Aruba, mjomba. Hapa tu, ndani ya paki."

"Aruba gani haina hata vumbi jekundu?"

Sijasoma uhakiki mkali kuliko huo. Picha si yangu, ni ya rafiki tuliyekuwa naye garini Agosti, na kiufundi imeniacha mbali. Jicho linang'aa. Nyuma ya ndege kuna rangi moja laini, kama chai ya maziwa. Ni picha ya kutundikwa ukutani, na ukuta huo unaweza kuwa mji wowote duniani. Hapo ndipo inaponishinda.

Picha za vitwitwi zina sheria zake, na nyingi zilizaliwa kwenye fukwe za Ulaya na Marekani, mwisho wa kiangazi chao, ndege wakianza kushuka kusini. Lala kifudifudi kwenye matope. Lenzi iwe usawa wa jicho la ndege. Nyuma kote kuyeyuke. Sasa jaribu hiyo Tsavo Mashariki, ambako kushuka garini ovyo hairuhusiwi, na wa kwanza kukuona umelala anaweza kuwa simba! Kwa hivyo unapiga ukiwa juu, dirishani au kwenye paa la gari. Rafiki yangu alipambana na hilo asubuhi nzima. Aliiteremsha lenzi hadi chini kabisa ya dirisha, akangoja ndege asogee mbali ili pembe ilale. Alifaulu. Alifaulu kuiondoa Aruba kwenye picha ya Aruba.

Yangu niliipiga kutoka kwenye paa, kwa lenzi fupi ya kuazima. Kitwitwi ni kama punje ya maharagwe. Lakini anakula ndani ya unyayo wa ndovu uliobaki na maji, na kando yake kuna nyayo zingine, mavi makavu, na ile alama ya ukingo ambako maji yalifika kabla ya kurudi nyuma. Bwawa hili lilijengwa mwaka 1952 kwa kuziba Mto Voi, mto wa msimu, na kuna miaka linakauka kabisa. Maji yakipungua, unyayo unakuwa kisahani. Ndege wa gramu 25 hivi, ambaye jamii yake huzaliana kaskazini kabisa mwa Urusi, anapata chakula kwenye shimo lililochimbwa na uzito wa tani kadhaa. Picha ya karibu haiwezi kusema hilo hata ikijaribu.

Lakini nayo ina kitu yangu haina. Kingo za manyoya zimelika, zimepauka. Vitwitwi wakubwa ndio hutangulia kuja, wakiwa na manyoya ya zamani. Watoto hufuata baadaye bila wazazi, wakiwa na manyoya mapya, na hao ndio wapiga picha wengi huwasubiri. Rafiki yangu alipoiweka mtandaoni aliomba radhi kwamba ndege "amechakaa". Jameni! Hiyo ndiyo sehemu pekee ya picha inayokwambia ni mwezi gani na safari ilikuwa ndefu kiasi gani.

Sisemi kupiga kutoka juu ni ukweli mtupu. Peter Beard aliwapiga ndovu wa Tsavo kutoka angani, mizoga ya ukame wa mwanzo wa miaka ya 1970, na picha hizo zimo katika toleo la 1977 la The End of the Game. Ni kali, hazisahauliki. Ila ukizitazama utadhani hakuna mtu aliyewahi kuishi karibu na hapa.

Juzi nilimpelekea mjomba picha yangu. Aliivuta kwa vidole viwili, akaikazia macho muda mrefu.

"Huyu ndovu alikuwa anaelekea mashamba ya nani?"

"Mjomba, angalia ndege."

"Ndege gani?"