Kasuku wa Hither Green na Ukosoaji wa Picha za Wanyamapori

Makaburi ya Hither Green, wilayani Lewisham, kusini-mashariki mwa London, yanajulikana kwa makundi ya kasuku wa kijani, Psittacula krameri, ambao jioni hurejea kulala katika miti yake. Kwa kuwa ndege hawa, ambao asili yao ni Bara Hindi na ukanda wa Afrika ulio kusini ya Sahara, huja wakati mwanga unapokwisha na huruka kwa kasi juu ya mawe ya makaburi, picha yao ni mtihani mgumu kwa mpigaji na kwa anayeikosoa.

Shata, yaani kilango kinachopima muda wa mwanga kuingia katika kamera, ikifunguliwa kwa 1/1000 ya sekunde huligandisha bawa, lakini humlazimu mpigaji kupandisha ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, hadi picha ijae chenga. Ikifunguliwa kwa 1/30, huku kamera ikimfuata ndege, mabawa huwa ukungu wa kijani na kichwa kikabaki kimetulia. Mkosoaji anayedai kila unyoya uonekane huwa hajauliza kwanza mpigaji alikusudia nini.

Katika uhariri, kosa la kawaida ni kukoleza rangi kupita kiasi, kwani mkondo wa kijani, mmojawapo wa mikondo mitatu inayojenga picha ya kidijitali, hufika ukomo wake, na manyoya yenye vivuli vingi hugeuka doa moja bapa. Afadhali mng'ao wa kijani upunguzwe kidogo, ili mdomo mwekundu uvute jicho. Kingo nazo zikatwe kwa hadhari, maana mkia huchukua zaidi ya nusu ya urefu wa ndege huyu, na anayeukata kwa ajili ya mpangilio hupoteza umbo linalomtambulisha. Vilevile pete nyeusi na ya waridi shingoni ni ya dume aliyekomaa. Anayeshauri kwamba ndege wasio na pete waachwe nje ya fremu, kwa kuwa wanapunguza uzuri, anashauri majike na makinda wafutwe katika kundi.

Hapo ndipo unapoonekana uzito wa mkosoaji anayemjua mnyama kabla ya kuijua picha. Katika wilaya hiyohiyo, Jumba la Makumbusho la Horniman, lililofunguliwa mwaka 1901, lina walrasi, mnyama wa bahari za baridi mwenye pembe mbili ndefu, aliyetoka Kanada katika karne ya 19. Mafundi waliomjaza hawakujua kwamba ngozi yake huwa na mikunjo, wakaijaza hadi ikanyooka yote. Ufundi wao haukuwa na dosari. Kilichokosekana ni mtu aliyewahi kumwona walrasi hai.

Mwaka 2018, kinyume na hapo, elimu ya kumjua mnyama ilikuwepo na ikafanya kazi. Jumba la Historia Asilia la London lilifuta tuzo ya picha ya mla-mchwa mkubwa wa Brazili, iliyoshinda katika mashindano yake ya mwaka 2017, baada ya wataalamu 5 kulinganisha alama za manyoya yake na za mla-mchwa aliyejazwa na kuwekwa kwenye lango la hifadhi moja, wakahitimisha kwamba ni mnyama yuleyule, ingawa mpigaji alikana. Faili ghafi, yaani data ya kamera kabla ya uhariri, huthibitisha kwamba picha haikuchezewa, lakini haithibitishi kwamba mnyama alikuwa hai.

Kwa hiyo, mwenye picha ya Hither Green anayetaka maoni ya haki hana budi kuambatanisha faili ghafi isiyokatwa pamoja na fremu zilizotangulia na zilizofuata, kisha aipeleke kwanza kwa mjuzi wa ndege, aulizwe kama kasuku huruka hivyo, na baadaye kwa mjuzi wa mpangilio, aulizwe kama jicho linajua pa kuanzia.