Safu ya unga iliyogeuka pampu

Mtambo uliowashwa Baton Rouge, Louisiana, mwezi Mei 1942 ulikuwa wa kuvunja sehemu nzito za mafuta ghafi ziwe petroli, Marekani ikiwa vitani. Kemia yake haikuwa ngeni. Mfaransa Eugene Houdry alikwisha kuonyesha kwamba kichocheo cha udongo kinaiweza kazi hiyo. Tatizo ni kaa, yaani kaboni inayobaki mafuta yanapovunjwa: hukifunika kichocheo kwa dakika chache tu. Punje za Houdry zilikaa mahali pamoja, hivyo kila mara chombo kimoja kilisimamishwa ili kaa iunguzwe.

Wahandisi wa Standard Oil ya New Jersey walitaka kichocheo chenyewe kisafiri, kikaunguzwe kaa na kurudi kwenye mafuta kikiwa na joto la moto ule. Wakakitumia kikiwa unga. Lakini unga utausukumaje kutoka penye shinikizo dogo kwenda penye shinikizo kubwa? Pampu za parafujo walizojaribu zililika, kwa kuwa unga ule hukwangua chuma. Jibu likawa bomba refu la wima. Ukipuliza gesi kidogo kati ya punje, zinaachiana. Rundo zima linatiririka, linapita kwenye vali, na shinikizo lake linaongezeka kadiri unavyoshuka, sawa na maji kisimani. Safu ya unga ndiyo iliyosukuma, bila kifaa chochote kinachozunguka. Kwa maoni yangu, hakuna hatua nzuri kuliko hii katika historia nzima ya usafishaji wa mafuta.

Siri iko kwenye ukubwa wa punje, wastani wa takriban mikromita 70. Mtafiti Derek Geldart aliupanga vizuri ujuzi huu mwaka 1973. Punje ndogo mno hushikamana, gesi ikajitobolea njia na kuziacha zimelala. Mchanga nao hutoa mapovu mara tu unapoanza kuelea. Unga wa kichocheo uko katikati: huumuka kwanza, mapovu hufuata baadaye, na gesi hubaki ndani yake kwa muda wa kutosha kushuka nao bombani.

Tabia hiyo hutegemea sana vumbi lililo chini ya mikromita 40. Saikloni, vyombo vinavyotenganisha unga na gesi, zikichakaa, vumbi hilo hutoroka na moshi, na mzunguko wa unga huanza kusitasita. Mwendeshaji makini, kabla ya kugusa vali, hupeleka sampuli ya unga maabara ipimwe punje zake.