Masalia ya Mazao Hushughulikiwa Siku ya Kuvuna

Mkulima wa Punjab, kaskazini mwa India, akishavuna mpunga hubaki na wiki mbili au tatu tu kabla ya kupanda ngano. Sheria ya mwaka 2009 ilimbana zaidi: ilizuia kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni ili kunusuru maji ya chini ya ardhi, na mavuno nayo yakachelewa. Kila hekta huachwa na tani sita au zaidi za mabua yenye silika nyingi, ambayo mifugo haiyapendi. Basi hutiwa kiberiti, na moshi hufika hadi Delhi. Pamoja na moshi huo hupotea karibu naitrojeni yote iliyokuwamo ndani ya mabua.

Mapema miaka ya 2000, wataalamu wa Australia na wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab walianza kuunda mashine iitwayo Happy Seeder. Inavutwa na trekta, na hupanda ngano bila shamba kulimwa. Visu vinavyozunguka husafisha mbele ya kila jino, jino hupasua mfereji mwembamba, mbegu na mbolea hudondokea humo, na mabua hubaki juu kama matandazo. Kubaki juu kuna maana kubwa. Mabua yakifukiwa, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya udongo naitrojeni, na ngano changa hugeuka njano. Yakiwa juu huoza polepole, huhifadhi unyevu na kuzuia magugu.

Hata hivyo mashine ilikwama mara nyingi, na sababu ilikuwa kombaini iliyotangulia. Mashina yaliyosimama hayakuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa mabua yaliyolegea, ambayo kombaini huyaangusha nyuma yake katika mstari mmoja. Piga hesabu: kombaini ikikata upana wa mita 4 na kuyamwaga mabua hayo kwenye ukanda wa mita 1, ukanda huo unabeba mzigo wa mita zote nne. Hapo visu huziba, mbegu hukosa udongo, na ngano huota kwa mapengo. Asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, hali huwa mbaya zaidi, hivyo saa za kazi nazo hupungua.

Dawa yake ilikuwa kifaa kinachofungwa nyuma ya kombaini, Super SMS, ambacho hukatakata mabua na kuyatawanya. Mwaka 2018 Punjab ilikifanya kuwa cha lazima. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kiungo kilichopaswa kutangulia. Uchomaji haujakoma, kwa kuwa mashine ni ghali, huhitaji trekta lenye nguvu, na hutumika wiki chache tu kwa mwaka. Lakini upande wa ufundi, njia imeonekana.

Nawasihi wakulima wa ngano wa Narok, Timau na Hanang' wanaopanda bila kulima: kabla ya kukodi kombaini, muulizeni mwenyewe kama ina kikata mabua, na kama hutawanya mabua na makapi kwa upana wote inaovuna. Akisema haina, tafuteni nyingine, au pangeni vibarua wa kuyatawanya kabla mvua haijayashindilia.